Dadu za Ludo Zinatosha

Wengi wanaosikia sifa za mchezo wa Dungeons & Dragons huvutiwa mara moja. Halafu wanaona vitabu vitatu vinene na dadu za maumbo sita tofauti, wanavunjika moyo, na jambo linaishia hapo. Ni hasara, kwa sababu mchezo wa kuigiza wahusika mezani hauanzii vitabuni. Unaanzia kwenye swali moja: "Unafanya nini?"

Anayeuliza swali hilo ni mwongozaji. Yeye hueleza mlipo na kinachowakabili, na huwasemea wote wasio wahusika wa wachezaji. Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, naye humwamulia la kusema na la kutenda. Dadu hurushwa pale tu ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindikana, na vyovyote itakavyokuwa kisa kitabadilika. Kufungua mlango usiofungwa hakuhitaji dadu. Mshindi hayupo, mnapambana upande mmoja.

Mchezo huu ulizaliwa kutokana na michezo ya vita ya mezani, ambamo mtu aliamuru jeshi zima. Dave Arneson wa Minnesota aliwapa wenzake mtu mmoja mmoja wa kumwendesha badala ya kikosi. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, akaliendeleza wazo hilo pamoja naye, na mwaka 1974 likatoka kama Dungeons & Dragons, kwenye sanduku lenye vijitabu vitatu.

Kwa anayeanza leo, mimi napendekeza Lasers & Feelings, mchezo wa John Harper uliotoka mwaka 2013. Kanuni zake zote zimeenea ukurasa mmoja, hupatikana bure mtandaoni, na dadu zake ni zilezile za ludo, tatu tu. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini akizisoma mwongozaji inatosha. Mezani mtazungumza Kiswahili chenu.

Katika mchezo huo, ninyi ni wafanyakazi wa chombo cha angani ambacho nahodha wake hajiwezi. Kila mchezaji huchagua namba kati ya 2 na 5. Kwa kazi ya akili na mitambo, dadu inapaswa kuonyesha chini ya namba yake; kwa kazi ya moyo, kama kubembeleza au kupigana kwa hasira, iwe juu yake. Kwa hiyo fundi hodari mara nyingi ni mshawishi dhaifu, na tabia ya mhusika inajengeka kwa namba hiyo moja. Ikitokea namba yenyewe hasa, una haki ya kumuuliza mwongozaji swali, naye lazima akujibu kwa ukweli.

Tuseme Asha ni fundi mwenye namba 4. Maharamia wanakuja na mlango wa kituo umejifunga. "Navua kifuniko, naunganisha nyaya." Anapata dadu moja kama kila mtu, na ya pili kwa kuwa ufundi ndiyo kazi yake. Angekuwa amejiandaa mapema angepata ya tatu. Zinaanguka 2 na 5. Moja imefaulu, kwa hiyo amefanikiwa kwa shida. Hapo ndipo kazi ya mwongozaji inapoonekana: "Mlango umefunguka, lakini taa zote za kituo zimewaka. Maharamia wamewaona. Unafanya nini?" Mwongozaji anayesema tu "umeshindwa, nani anafuata?" anaua mchezo. Kila dadu inapoanguka, lazima kuwe na jambo jipya la kujibu.

Usiandae hadithi ndefu. Andaa tatizo moja na watu wawili wenye nia zao, basi. Wachezaji watakwenda usikotarajia, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Kabla hamjaanza, ulizaneni pia ni mambo gani hamtaki yaguswe, kwani kisa cha kutisha kinachomfurahisha mmoja kinaweza kumuumiza mwingine. Mwenye haya asilazimishwe kuigiza sauti. Akisema "mhusika wangu anamwomba mlinzi awapishe," amecheza kikamilifu.

Vitabu vikubwa vitakuja baadaye, mkivihitaji. Kwa sasa tafuta watu watatu unaowapenda, mkubaliane saa mbili za jioni moja, simu ziwekwe kando, na wewe unayesoma haya ukubali kuwa mwongozaji wa kwanza.