Mwanafunzi mwembamba naye anahitaji mazoezi

Wanafunzi wawili wa chuo, wanaoishi chumba kimoja, walinijia kliniki muhula uliopita. Mmoja, mwenye kilo 88, alitaka kupimwa kabla ya kuanza mazoezi. Mwenzake wa kilo 58 alikuwa amemsindikiza tu. “Mimi, daktari, sina mafuta ya kupunguza,” aliniambia akicheka.

Niliwapima wote wawili. Yule mnene, ambaye kila asubuhi hutembea kutoka Kangemi hadi Westlands ili kuokoa nauli, shinikizo lake la damu lilikuwa 124/78. La yule mwembamba, mteja mwaminifu wa matatu na chipsi, lilikuwa 148/96.

Wanafunzi wengi hudhani mazoezi ni adhabu ya wanene. Sivyo. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mishipa hulegea, hivyo moyo hausukumi kwa nguvu nyingi. Faida hizo hupatikana hata kama mizani haijashuka kilo moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapowashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, haliwaachi nje wembamba. Kutembea kwa haraka kunatosha.

Hata hivyo, unene si jambo la kupuuza. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha ugawanye jibu tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 au zaidi, uzito umepita kiasi. Yule wa kilo 88, mwenye urefu wa mita 1.72, alipata karibu 30, na nilimweleza wazi kwamba soda ya nusu lita anayokunywa kila siku ina zaidi ya vijiko 10 vya sukari.

Wasichana nao hunieleza hofu nyingine: wakikonda, nyumbani watasemwa kuwa wana Ukimwi. Hofu hiyo ni masalio ya miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali kuenea. Kwa bahati mbaya, ingali inawazuia wengi kukimbia hata mzunguko mmoja wa uwanja.

Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, kwa hiyo nilimwita tena yule mwembamba mara mbili. Shinikizo halikuwa limeshuka. Sasa amepunguza chumvi, hutembea na mwenzake kila asubuhi, na nitampima tena mwisho wa mwezi kabla ya kuamua kuhusu dawa.