Ujirani wa Maneno: Funzo kutoka Mashamba ya Chai ya Chepseon

Utangulizi

Chepseon ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu inayounganisha Kericho na Nakuru. Katika eneo hili la wakulima wa majani chai, nomino "chai" hukutana na vitenzi vingi kwa siku moja. Asubuhi chai huchumwa, majani mawili na chipukizi. Mchana hupimwa kituoni. Lori huja kuichukua na kuipeleka kiwandani, ambako hutengenezwa. Ikisharudi nyumbani katika pakiti, hupikwa jikoni na hatimaye hunywewa. Nomino ni ile ile, bali kila kitenzi kina wakati wake na mahali pake, na hakuna mkulima anayevichanganya.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyelelewa katika mashamba hayo hayo huweza kuandika katika insha yake: "Wageni walipofika, walichukua chai, wakaondoka." Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari: upatanisho ni sahihi na njeo ni sahihi. Lakini msomaji wa Chepseon ana haki ya kuuliza: Je, wageni hao walikunywa chai, au walikuja na lori? Makala haya yananuia kueleza chanzo cha utata wa aina hiyo, na kuonyesha kwamba kosa hili si la sarufi bali ni la ujirani wa maneno.

Dhana ya ujirani wa maneno

Wanaisimu huuita uhusiano huu kolokeshoni, yaani mazoea ya neno fulani kuandamana na neno jingine. Mwingereza J. R. Firth, katika maandishi yake ya miaka ya 1950, alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno yanayoambatana nalo. Mwaka 1966, M. A. K. Halliday alilifafanua wazo hilo kwa mfano unaowafaa sana watu wa Kericho, kwani ni mfano wa chai. Alieleza kwamba katika Kiingereza vivumishi "strong" na "powerful" hukaribiana kimaana, na vyote viwili huweza kusifu hoja. Hata hivyo, chai huwa "strong" na gari huwa "powerful". Ukivibadilisha, mzungumzaji mzawa atashtuka. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataza mabadiliko hayo. Kinachokataza ni mazoea.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jozi hiyo ya Kiingereza ilivuka mipaka. Nchini Kenya chai isiyotiwa maziwa huitwa chai ya strungi, na wengine husema turungi. Kivumishi cha Kiingereza kimeingia pamoja na jirani yake, kikageuka nomino, na maana yake ikahama kutoka ukali wa chai hadi kukosekana kwa maziwa. Pwani, chai hiyo hiyo huitwa chai ya mkandaa au chai ya rangi. Hivyo basi, lugha huweza kukopa ujirani mzima wala si neno pekee, na ikishaukopa huutawala kwa namna yake.

Kitenzi kimoja cha Kiingereza, vitenzi vingi vya Kiswahili

Vitenzi vya kawaida vya Kiingereza, kama vile "take" na "make", vina nomino nyingi zinazoandamana navyo. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huchukua maana ya kwanza ya kitenzi, aghalabu "chukua" au "fanya", kisha akaibebesha nomino zote. Tuangalie "take". Katika Kiswahili, chai hunywewa, dawa humezwa au hunywewa, picha hupigwa, mtihani hufanywa, kiapo huliwa, nayo likizo huendewa. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja pale ambapo Kiswahili kinadai vitano au sita.

"Make" nacho ni hivyo hivyo. Kelele hupigwa, kitanda hutandikwa, shimo huchimbwa, chai hupikwa na mali huchumwa. Jozi hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi "chuma" ndicho hicho kinachotumiwa shambani, nacho ndicho kiini cha neno "uchumi". Methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini hupata uzito wake kutokana na ujirani huo: tunda na mali huchumwa kwa kitenzi kimoja. Anayesema "kufanya pesa" anaeleweka, lakini ameitupa picha nzima ambayo lugha ilikuwa imemwekea.

Athari za kosa hili haziishii katika alama za mtihani. Mhudumu wa zahanati akimwambia mgonjwa "chukua dawa hii mara tatu kwa siku", mzee asiyejua Kiingereza huweza kuelewa kwamba anatakiwa arudi dirishani mara tatu. Aliyekusudiwa kumeza vidonge atakuwa amehesabu safari. Kitenzi sahihi katika muktadha huu ni suala la afya.

Vitenzi na vielezi

Katika Kiingereza, kitenzi chepesi huungana na kielezi kidogo kikazaa maana mpya. "Go up" na "go out" ni mifano ya kawaida. Kiswahili huutia mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: panda, shuka, ingia, toka. Ndiyo maana "kwenda juu ya mlima" na "kuja ndani ya nyumba" husikika kama tafsiri, ilhali kupanda mlima na kuingia nyumbani ni Kiswahili kitupu. Pale ambapo Mwingereza husema "give up", Mswahili hukata tamaa. Kitenzi "kata" kina majirani wengine pia: kukata shauri, kukata rufaa, kukata kiu, kukata tiketi, kukata roho.

Kwa upande wa kusisitiza, Kiswahili kina hazina ya viigizi ambavyo kila kimoja kina kitenzi chake. Mtu hulala fofofo, hukataa katakata, hunyamaza jii. Mchumaji chai aliyenyeshewa na mvua ya alasiri, ambayo ni ya kawaida katika nyanda hizi, hulowa chepechepe. Hawezi kulala chepechepe wala kulowa katakata. Mvua yenyewe huwa kubwa. Ikiitwa "nzito", Kiingereza kimepenya.

Je, kila tafsiri ni kosa?

Ingekuwa haki kuuliza iwapo Kiswahili kinapaswa kuukataa kila ujirani uliotoka nje. Jibu ni hapana. "Kuchukua hatua" na "kuchukua muda" hufanana sana na Kiingereza, lakini leo hutumiwa katika hotuba, magazeti na vitabu bila mtu kushtuka. Kipimo kinachofaa si asili ya jozi bali mambo mawili: iwapo jamii ya wazungumzaji imeizoea, na iwapo haizui utata. "Kuchukua muda" hupita mizani zote mbili. "Kuchukua dawa" huanguka katika ya pili.

Tena, lugha ina njia yake ya kuvipokea vitu vipya. Simu, picha, kura, pasi na chapa zilipofika, kitenzi "piga" kilizikaribisha zote. Kupiga simu hakukutafsiriwa neno kwa neno kutoka kokote. Kulijengwa juu ya ujirani wa zamani kama kupiga ngoma na kupiga mbiu. Huo ndio ushahidi kwamba mazoea ya maneno si kifungo. Ni mashine inayozalisha.

Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Kiingereza kimekuwa na kamusi maalumu za ujirani wa maneno kwa miongo kadhaa, zikiwemo kamusi ya BBI ya mwaka 1986 na ile ya Oxford ya mwaka 2002. Kwa Kiswahili, msaada mkubwa umo katika kamusi za kawaida. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, pamoja na matoleo yaliyofuata, huorodhesha misemo mingi chini ya vitenzi kama "piga" na "kata". Mwanafunzi anayesoma maana ya kwanza tu na kufunga kitabu ameacha mavuno shambani.

Mtoto wa Chepseon mara nyingi huwa na lugha tatu: Kipsigis cha nyumbani, Kiingereza cha darasani na Kiswahili cha sokoni na shuleni. Mwalimu anapopiga mstari mwekundu chini ya "walichukua chai" bila maelezo, mtoto huyo hujiona hajui sarufi, ilhali sarufi anaijua. Anachohitaji ni kufundishwa nomino pamoja na vitenzi vyake. Badala ya kuandika "chai" peke yake daftarini, aandike: kuchuma chai, kupima chai, kuchukua chai, kutengeneza chai, kupika chai, kunywa chai. Orodha hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Mzazi wake huipitia kila siku kuanzia alfajiri, na somo linaweza kuanza kwa kumuuliza mtoto chai ya nyumbani kwao hupita mikononi mwa nani kabla haijafika kikombeni.