Mtoto kaganda mbele ya kioo: hajitambui, au anasubiri ruhusa?

Hebu fikiria una mtoto wa miaka mitatu. Mgeni anakuja, anacheza naye kidogo, halafu kimyakimya anambandika kikaratasi cha kunata kwenye paji la uso. Baadaye anamweka mbele ya kioo. Mtoto anajitazama, anatulia tuli. Kikaratasi hakigusi. Je, anajua kwamba yule kwenye kioo ni yeye?

Kwa miaka mingi wanasaikolojia wengi wangekujibu: bado hajajua. Mwaka 1970 Gordon Gallup wa Marekani aliwapaka sokwe rangi juu ya jicho na kwenye sikio wakiwa wamelala kwa dawa ya usingizi. Walipoamka na kujiona kwenye kioo, walishika alama kwenye miili yao wenyewe, si kwenye kioo. Mwaka 1972 Beulah Amsterdam akachapisha jaribio kama hilo kwa watoto wadogo, rangi ikiwa puani. Tangu hapo vitabu vya chuo vinasema mtoto hufaulu akiwa na miezi 18 hadi 24 hivi. (Kama ulisoma saikolojia, huenda ulikariri hivyo kwa ajili ya mtihani.)

Sasa njoo Kenya. Mwaka 2011 Tanya Broesch na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa miezi 18 hadi 72. Yaani wakubwa kabisa walikuwa na miaka sita. Waliofaulu ni wawili tu.

Wawili! Mtoto wa miaka sita unamtuma dukani anarudi na chenji kamili, na njiani akichokozwa atakusimulia nani kamfanyia nini. Huyo hajitambui kweli? Watafiti wenyewe hawakukubali. Waliona kwamba watoto wengi waliganda wakijikodolea macho, na wakaeleza kuwa pengine walijijua, ila hawakuwa na uhakika ni kipi kinakubalika kufanya.

Sisi tuliolelewa huku hatushangai sana. Mtu mzima kakubandika kitu, yupo palepale anakuangalia, hajasema neno. Ukitoe? Nani kakuruhusu? Mtoto aliyefunzwa kusubiri, anasubiri.

Kumbe kipimo kile kinauliza maswali mawili kwa mpigo: unajua ni wewe? Na je, utaonyesha kwamba unajua, mbele ya mgeni, bila kuambiwa? Kwa mtoto aliyezoea kuulizwa kutwa nzima anataka nini na anaonaje, swali la pili ni kama halipo. Waliobuni kipimo walikulia katika mazoea hayohayo, ndiyo maana hawakuona kwamba wameliweka. Walikuwa wanapima kujitambua kwa mwingine, huku mazoea yao wenyewe wameyasahau mezani.

Mwaka 2017 Josephine Ross na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Uskoti, Uturuki na Zambia. Mbali na kioo, walitumia mkeka: mtoto amesimama juu yake, anaombwa autoe. Lazima agundue kwamba mwili wake mwenyewe ndio unaozuia. Huko nako ni kujitambua. Watoto wa Uskoti walifanya vizuri zaidi kwenye kioo, wa Zambia kwenye mkeka. Ukiwa na kioo peke yake utaandika kwamba Wazambia wamechelewa. Ukiwa na mkeka peke yake utaandika hivyo kuhusu Waskoti, ingawa nahisi hapo mtu angewahi kuuliza kama mkeka una kasoro.

Hili si jambo la maabara tu. Vipimo vya makuzi tukivichukua kutoka kwingine, tunatafsiri maneno. Mazoea ya kujibu yanabaki yalikotoka. Mtoto akinyamaza mbele ya daktari asiyemjua, fomu ina "ameweza" na "hajaweza". Haina "anasubiri kuruhusiwa". Mama anarudi nyumbani na neno "amechelewa", na neno hilo linaweza kumfuata mtoto hadi darasani.

Na wewe unayeenda kijijini kukusanya data, ni hivyohivyo. Bibi anakujibu "ndiyo, mjukuu wangu" kwa maswali yote ishirini, nawe unaandika kwamba anakubali. Labda anakukaribisha tu. Kwako kukubali ni kukubali. Kwake kumpinga mgeni kibarazani ni utovu wa adabu. Kabla hujamtafsiri, jiulize wewe ulifundishwa na nani kwamba kila swali linadai jibu la kweli papo hapo.

Kwa yule mtoto wa kikaratasi, mimi ningejaribu kitu kimoja kabla ya kujaza fomu: ningemwomba mama yake aseme "toa", bila kutaja nini wala wapi. Halafu ningeangalia mkono unaelekea wapi, kwenye kioo au kwenye paji la uso.