Makombora zaidi ya 600, meli haikuzama: Jinsi ndege za Mafia zilivyobadili shabaha Rufiji 1915

Asubuhi ya Julai 6, 1915, ndege iliruka kutoka kisiwa cha Mafia, ikavuka bahari hadi delta ya Rufiji. Huko ndani, katikati ya mikoko, ilikuwa imejificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg.

Meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaanza kupiga. Hadi zinaondoka alasiri, zilikuwa zimerusha makombora zaidi ya 600. Yaliyoipata Königsberg yalikuwa ya kuhesabu, na meli ilibaki inaelea.

Siku tano baadaye meli zilezile zilirudi. Safari hii Königsberg haikufika jioni.

Nguvu za mizinga hazikuwa zimeongezeka. Kilichobadilika ni namna ya kulenga.

Königsberg ilifikaje Rufiji?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Königsberg ilikuwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki chini ya Kapteni Max Looff. Septemba 20, 1914 iliivamia Zanzibar alfajiri na kuikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa kwenye matengenezo.

Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yaliangukia majini kabla ya kufika. Ya Wajerumani yalifika. Mabaharia zaidi ya 30 wa Kiingereza walikufa na meli ikazama.

Cha kushangaza, ukubwa wa mizinga ya pande hizo mbili ulikaribiana sana. Wa Wajerumani ulikuwa na kipenyo cha milimita 105, wa Waingereza kama milimita 102. Tofauti ni milimita tatu tu!

Basi kwa nini mmoja ufike na mwingine usifike?

Ufikaji wa kombora hautegemei unene peke yake. Unategemea kasi linapotoka mtutuni, mwinuko wa mtutu na umbo la kombora lenyewe.

Mzinga wa Königsberg ulitoa kombora kwa kasi ya karibu mita 690 kwa sekunde, takribani mara mbili ya mwendo wa sauti. Uliweza kupiga umbali wa kilomita 12 hivi.

Kasi ina faida nyingine. Kitu chochote kikishatoka mtutuni huanza kuvutwa chini palepale. Kikiwahi kufika, hakipati muda wa kushuka sana.

Chukua mfano wa bunduki ya kuwindia. Risasi yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde ikilengwa mnyama aliye mita 200, itashuka kama sentimita 30 njiani. Yenye kasi ya mita 600 itashuka kama sentimita 54. Hapo upinzani wa hewa haujahesabiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mnyama ataanguka palepale au atakimbia na jeraha.

Kasi kubwa si shabaha

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kasi hupeleka risasi mbali. Kinachoipeleka palepale kila mara ni kasi *isiyobadilika*.

Baruti ikizidi kidogo, kombora linapita juu ya shabaha. Ikipungua, linaanguka kabla. Baruti iliyopata joto huungua haraka zaidi, kwa hiyo mzinga uliopimwa kwenye baridi ya Ulaya hautapiga vilevile kwenye jua la Rufiji. Mtutu nao huchakaa kwa ndani kila unapopigwa. Ukichakaa, gesi inavuja pembeni ya kombora na kasi inashuka.

Kwa umbali wa kilomita 10, kasi ikibadilika kwa asilimia moja tu, kombora linaweza kukosa kwa zaidi ya mita 100. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi na upana wa mita 13. Ukiongeza au kupunguza kidogo tu, umepiga matope.

Ndiyo maana wawindaji wanaojaza risasi zao wenyewe katika nchi zinazoruhusu hupima baruti ya kila ganda kwa mizani ndogo sana. Wenye uzoefu hawakimbilii kasi ya juu kabisa. Wanatafuta risasi zinazotoka kwa kasi moja na kutua karibu karibu. Anayelazimisha kasi kupita kiwango anaweza kupasua bunduki usoni pake.

Julai 6: kupiga bila kujua unapopiga

Severn na Mersey zilikuwa meli fupi zenye kina kidogo, zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil. Vita ilipoanza Uingereza ikazichukua. Manowari kubwa zisingeweza kupita kwenye mito ya Rufiji, lakini hizi ziliweza.

Shida ilikuwa moja: hazikuiona Königsberg. Kati yao kulikuwa na kilomita kadhaa za mikoko. Walikuwa wanapiga juu ya msitu, kitu wasichokiona.

Mafia ikawa ndiyo macho. Waingereza walikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Wajerumani Januari 1915 na baadaye wakakifanya kituo cha ndege. Haikuwa rahisi. Joto na unyevu wa pwani viliachanisha gundi ya mbao za ndege, na injini zilichoka haraka.

Ndege ilipokuwa juu ya delta, mwangalizi alitazama makombora yanapotua kisha akatuma ujumbe kwa redio: umezidisha, umepunguza, sogea kushoto, sogea kulia. Aliye kwenye mzinga akarekebisha.

Lakini siku ile Severn na Mersey zilikuwa zinapiga kwa pamoja. Mwangalizi akiona maji yakiruka, hakujua ni kombora la nani. Akisema "ongeza mita 200", nani aongeze? Aliyekuwa sahihi aliweza kujiharibia, na aliyekosea akaendelea kukosea.

Wajerumani nao walikuwa na macho yao. Waliweka waangalizi kwenye delta waliotuma taarifa melini. Kombora la Königsberg liliipiga Mersey, likaharibu mzinga wa mbele na kuua mabaharia kadhaa. Mapigo ya Wajerumani yalianza kupotea pale Severn ilipogundua waangalizi waliojificha mtini na kuwapiga.

Kwa maneno mengine, kila upande ulipopata macho ulipata shabaha, na ulipoyapoteza ulianza kubahatisha.

Julai 11: mmoja baada ya mwingine

Waingereza walirudi na utaratibu mpya: meli moja ipige, nyingine isubiri. Sasa kila kombora lililoonekana kutoka angani lilikuwa na mwenyewe.

Ndege ya rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold ilikuwa juu. Severn ikatia nanga na kuanza. Mkupuo wa kwanza ukakosa, Arnold akatuma marekebisho. Mwingine ukasogea. Baada ya mikupuo michache, makombora yakaanza kutua juu ya Königsberg.

Muda si mrefu ndege yenyewe ikapigwa na injini ikaharibika. Cull akaanza kuishusha taratibu kuelekea mtoni. Arnold aliendelea kutuma marekebisho ndege ikiwa inashuka! Ilianguka majini karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa wakiwa hai.

Kufikia hapo Severn ilikuwa imeshapata kipimo chake. Ilichotakiwa ni kurudia kilekile: mwinuko uleule, baruti ileile. Königsberg ikashika moto na milipuko ikafuata. Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli yake izamishwe.

Mizinga haikufia mtoni

Kuzama kwa meli hakukumaliza hadithi. Maji yalikuwa ya kina kidogo, kwa hiyo Wajerumani waliitoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam na kuiwekea magurudumu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo Watanzania wanaijua kama MV Liemba.

Jeshi la Lettow-Vorbeck liliikokota mizinga hiyo kwenye vita ya nchi kavu hadi mwaka 1917. Uzito wa vita hiyo uliangukia migongo ya Waafrika. Maelfu kwa maelfu walifanywa wapagazi na pande zote mbili, na wengi hawakurudi nyumbani.

Ukitaka kuuona mzinga mmoja wa Königsberg, nenda Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini.

Mambo matatu ya kukumbuka

- Kasi hupunguza mshuko wa risasi na huipeleka mbali. Haikuhakikishii kupata.
- Shabaha hutoka kwenye kurudia: baruti sawa, kasi sawa, mwinuko sawa.
- Bila kuona risasi ilipotua, huna cha kurekebisha. Na kama wapigaji ni wawili, lazima ujue ni ya nani.

Zanzibar, mzinga uliofika mbali ulishinda. Rufiji, alishinda aliyekuwa na mtu angani wa kumwambia ukweli kuhusu kila kombora, na mtu huyo alitokea Mafia.