Uwazi wa Lugha katika Nyaraka za Sera ya UKIMWI: Msomaji wa Funzi

Waraka wa Bunge Na. 4 wa 1997 kuhusu UKIMWI nchini Kenya uliandikwa kwa Kiingereza. Msemaji wa Kichifundi kisiwani Funzi, Kwale, ataupata kwa tafsiri, na yafaa uwazi upimwe hapo.

Istilahi ngeni si tatizo kubwa. “Kiwango cha maambukizi” ndicho kikwazo, kwani hutumiwa kwa wote wanaoishi na virusi, na pia kwa walioambukizwa mwaka huo tu. Dawa zikirefusha maisha, hesabu ya kwanza yaweza kupanda ilhali ya pili yashuka. Asiyetenganishiwa hizo mbili ataamini kinga imeshindwa. “Maambukizi mapya” yatosha kuiondoa shaka hiyo. Tena jina “virusi vya UKIMWI” limeundwa juu ya jina la ugonjwa, hata mwenye virusi adhaniwe mgonjwa tayari.

Kauli ya kutendwa ina madhara zaidi. “Hatua zitachukuliwa” ni sahihi kisarufi, lakini mtenda hayumo: ni wizara, zahanati, au mvuvi mwenyewe? Mhakiki wa tafsiri na azihesabu sentensi za namna hiyo kabla ya kugusa istilahi.