Vimeng'enya katika Chakula cha Kuku

Wengi katika wanachama wetu, mbali na mikarafuu, wana kuku uani. Kwa ajili yao twaeleza habari ya vimeng'enya vitiwavyo katika chakula cha mifugo, nasi twatoa mfano wa Mkuyuni, kata ya mji wa Mwanza, baina ya vilima vya mawe na Ziwa Viktoria.

Huko chakula cha kuku hufanywa kwa mahindi, pumba, mashudu ya pamba au ya alizeti, na dagaa. Dagaa ni kitoweo cha watu pia, basi kuku na mtoto hushindania fungu moja.

Nafaka na mashudu yana fosforasi, ijengayo mifupa. Lakini yapata theluthi mbili yake imefungwa, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua ila kidogo. Ng'ombe hana shida hiyo. Vijidudu vya tumboni mwake humfungulia. Kuku huitoa katika kinyesi. Kinyesi kikiachwa wazi, mvua hukiteremsha Ziwani, na fosforasi hiyo hulisha mwani na magugu maji.

Kimeng'enya kiitwacho faitesi ndicho ufunguo wa kufuli hiyo. Kilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, nchi iliyoelemewa na samadi ya mifugo yake.

Hata hivyo, kununua si kufaidi. Mwenye kutia faitesi asipunguze unga wa mifupa amelipa mara mbili, na fosforasi iliyozidi yaenda Ziwani vile vile. Yampasa kumwomba bwana mifugo amhesabie upya mchanganyiko. Dagaa nao wasipunguzwe ovyo, maana huleta protini. Pengo lao lazibwa kwa soya iliyokaangwa au mashudu yake. Wala chokaa isiachwe: faitesi haileti ganda la yai.

Tena vimeng'enya huharibiwa na joto kali. Usivitie katika uji wa moto, wala usianike mfuko wake juani. Kwa kuwa kipimo chake ni kidogo mno, kichanganye kwanza na pumba kiasi cha kibaba, ndipo ukitie katika chakula chote, kisije kikakusanyika pahali pamoja.

Mwenye kuku wachache wajitafutiao chini ya mikarafuu, twamshauri aweke fedha yake. Mwenye mamia bandani, anunuaye chakula kwa magunia, na aulize bei ya faitesi, ailinganishe na ya unga wa mifupa atakaoupunguza, ndipo aamue.