Shule ya Umma ni Ipi? Sheria na Shule za Jamii katika Mombasa Bara

Neno 'umma' lina asili ya Kiarabu na humaanisha jumla ya watu. Katika sheria ya elimu nchini Kenya, hata hivyo, maana yake ni finyu zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazigawa shule katika makundi mawili: za umma, yaani zilizoanzishwa, zinazomilikiwa au kuendeshwa na serikali, zikiwemo zenye wadhamini, na za kibinafsi. Makala haya yanaeleza jinsi mgawanyo huo unavyoiacha pembeni shule ya jamii.

Shule ya aina hii huanzishwa na wakazi wenyewe katika mitaa ya kipato cha chini ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa ya serikali yalifurika, na shule za jamii zikaendelea kuhitajika. Kisheria huhesabiwa kuwa za kibinafsi, ingawa wanafunzi wake ni watoto wa maskini.

Marekani ilifuata njia tofauti. Tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria yake mwaka 1991, shule za mkataba huendeshwa na raia kwa fedha za serikali. Zikishindwa kutimiza ahadi, mkataba huvunjwa. Anayelipa ndiye anayekagua. Katika shule za jamii za Kenya, serikali husajili na kukagua, ilhali mshahara wa mwalimu aghalabu hutoka kwenye karo ya mzazi.

Usajili nao hugonga mwamba wa ardhi. Huko Likoni, maskwota wa shamba la Waitiki, lenye ekari zipatazo 930, walianza kupewa hatimiliki Januari 2016. Shule iliyo juu ya ardhi isiyo na hati itathibitishaje makao yake? Mwongozo wa usajili wa mwaka 2015 ulilegeza baadhi ya masharti kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, kulegeza kuna hatari zake. Tarehe 23 Septemba 2019, madarasa ya shule moja mtaani Ng'ando, Nairobi, yaliporomoka na kuua watoto.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kuisajili shule ni mwanzo tu. Serikali inayoifunga shule mbovu bila kuwatafutia watoto nafasi kwingine humwadhibu asiye na hatia. Na inayokagua bila kuchangia huamuru marekebisho yasiyo na mlipaji. Ikiwa umma ni watu, basi watoto hawa nao ni umma.